Bustani ya San Francisco ilitimiza miaka 150. Sisi wa Tabora tuiadhimishe vipi miembe yetu?

MwanaUnyanyembe aliandika:

Ndugu wanajukwaa, mwangaluka.

Mimi ni katibu wa kamati ya watu saba katika mtaa mmoja mkoani Tabora, na ninaleta kwenu jambo ambalo limetukalisha vikao vitatu bila kulimaliza. Katikati ya mtaa wetu kuna kiwanja cha wazi chenye miembe kumi na tisa ya zamani, mikubwa kiasi kwamba ule ulio karibu na njia ya kisimani hauzungukiki mpaka watu wazima watatu washikane mikono. Chini ya miembe hiyo ndipo unapofanyika mkutano wa mtaa, ndipo wanapokaa waombolezaji nyumba ya msiba inapojaa, na ndipo wanafunzi wanapokimbilia jioni ili wamalize kazi zao kabla giza halijaingia. Wazee wanasema ni miembe ya enzi za misafara, lakini hakuna mwenye karatasi wala kumbukumbu ya mwaka iliyopandwa.

Wananchi wamekubaliana kuwa iwepo siku ya kuiadhimisha. Wapo wanaotaka mnara wa saruji uliovikwa marumaru, wapo wanaotaka tamasha la muziki litakalodhaminiwa na wafanyabiashara, nami nimetumwa niandike pendekezo. Katika kusoma nimekutana na habari za Golden Gate Park, bustani kubwa ya jiji la San Francisco nchini Marekani, yenye ekari 1,017 na urefu wa karibu kilomita tano, ambayo ilitimiza miaka 150 mwaka 2020. Ninaomba wanaoifahamu wanieleze mambo mawili. Je, katika maadhimisho yale walifanya nini hasa, na ni kipi kilichobaki baada ya sherehe kwisha? La pili linanisumbua zaidi: ikiwa hatujui miembe yetu ilipandwa lini, tutasema inatimiza miaka mingapi?

MsomaRamani alijibu:

Ndugu Katibu, nimesomea mipango miji, kwa hiyo niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu ninaona ndilo linalobeba la kwanza.

Miaka 150 ya bustani ile haikuhesabiwa kuanzia siku ulipopandwa mti wa kwanza. Ilihesabiwa kuanzia tarehe 4 Aprili 1870, siku ambayo ilipitishwa sheria ya jimbo la California iliyounda kamisheni ya kuisimamia. Siku hiyo hapakuwa na bustani yoyote ya kuonyesha mtu. Palikuwa na vilima vya mchanga vilivyohamahama kwa upepo wa bahari ya Pasifiki, mahali ambapo wakazi wenyewe walipaita ardhi za nje, kwa kuwa palikuwa nje ya mji. Tena ardhi yenyewe ilikuwa na mgogoro, maana watu wengi walikwisha kujikatia maeneo na kudai ni yao, na suluhu iliyopatikana ilikuwa kwamba waachie sehemu kwa matumizi ya umma ili sehemu iliyobaki watambuliwe kuwa wamiliki halali. Frederick Law Olmsted, mmoja wa wabunifu wa Central Park ya New York, aliwahi kutilia shaka kama mji ule ungeweza kuotesha bustani ya miti mikubwa kama ile ya mashariki. Hata hivyo ardhi ilitengwa kwanza, na mchoro wake ukapimwa mwaka uleule wa 1870 na mhandisi kijana aliyeitwa William Hammond Hall.

Kwa hiyo wanachokiadhimisha wenzetu ni uamuzi wa kutenga ardhi. Ninyi mnayo miti ambayo wao hawakuwa nayo, lakini sijui kama mnao uamuzi. Ninakusihi usibuni mwaka wa kupandwa ili mpate namba nzuri ya kuandika kwenye bango, kwa sababu mwaka wa kubuni ukishachongwa kwenye marumaru watoto wataukariri shuleni na hakuna atakayeweza kuufuta. Badala yake uliza hivi: je, katika mchoro wa mipango miji kiwanja chenu kimeandikwa kuwa eneo la wazi? Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazitambua bustani na maeneo ya burudani ya umma, lakini hilo litawafaa pale tu ambapo eneo lenyewe limechorwa hivyo na limepimwa.

Ninasema haya kwa uchungu. Mtaa niliokulia, katika mji mwingine, ulikuwa na kiwanja ambacho baba yangu alichezea mpira, nami nikauchezea hapohapo. Asubuhi moja tulikuta bikoni mpya ya saruji, yaani alama ya mpaka wa kiwanja kilichopimwa, bado haijakauka vizuri, imesimikwa kwenye kona ile ile tuliyokuwa tukiweka goli la mawe. Tulidhani ni kosa, tukaendelea kucheza tukiikwepa. Ukuta ulipoanza kupanda ndipo watu walipokumbuka kuuliza, na jibu walilopewa ni kwamba kwenye ramani pale hapakuwahi kuwa na kiwanja cha mpira hata siku moja.

AliyekaaKule alijibu:

Niliishi San Francisco tangu mwaka 2018 hadi 2022, nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, na mzee niliyekuwa naye kwa muda mrefu zaidi alikaa dakika kumi tu kwa miguu kutoka bustanini. Acha nieleze nilichokiona.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Siku yenyewe, tarehe 4 Aprili 2020, iliangukia Jumamosi, na ilikusudiwa iwe siku ya mji mzima, yenye muziki, michezo na milango ya makumbusho kuwa wazi. Tarehe 17 Machi amri ya watu kubaki nyumbani ikaanza kwa sababu ya UVIKO-19, na sherehe ikaahirishwa. Ilipofika siku ya kuzaliwa kwake bustani ilikuwa kimya, haina jukwaa wala hotuba.

Hata hivyo mwezi huohuo likafanyika jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Barabara kuu ya sehemu ya mashariki ya bustani, iitwayo JFK Drive, ilifungwa kwa magari ili watu wapate nafasi ya kutembea bila kusongamana. Nilikuwa nikimsukuma yule mzee kwenye kiti chake cha magurudumu katikati kabisa ya lami, mahali ambapo wiki chache kabla tungegongwa, na pembeni yetu watoto wakijifunza baiskeli huku baba zao wakiwakimbilia kwa nyuma wamekamata viti. Mzee akaniambia nipunguze mwendo. Alikuwa akisikiliza matairi yake mwenyewe, kwa sababu hajawahi kuyasikia mahali pale. Wapo waliopinga, nao walikuwa na hoja ya haki, hasa watu wenye ulemavu waliokuwa wakiegesha magari yao karibu na makumbusho, na mabishano yakaendelea kwa zaidi ya miaka miwili hadi wapiga kura walipoamua mwezi Novemba 2022 kwamba barabara ibaki ya waenda kwa miguu na baiskeli.

Kilichojengwa kwa ajili ya maadhimisho yenyewe kilikuwa gurudumu kubwa la kubebea watu, lenye kimo cha futi 150 ili lilingane na miaka 150, nalo lilifunguliwa mwezi Oktoba 2020. Lilipendeza, siwezi kusema halikupendeza. Lakini liliruhusiwa kwa mwaka mmoja, kisha muda ukaongezwa, na wakazi wakalalamikia kelele za jenereta na taa zinazowasumbua ndege usiku, mpaka likang'olewa mwaka 2023 na kuhamishiwa ufukweni. Leo ukienda bustanini hulioni, ila barabara ya watembea kwa miguu unaikuta.

Mzee wangu alipenda nimpeleke sehemu nyingine ambayo wageni wengi huipita bila kuiona, nayo ni kichaka cha ukumbusho wa waliofariki kwa UKIMWI. Lilikuwa bonde lililoachwa likajaa magugu, na mwaka 1991 watu waliofiwa wakaanza kulisafisha kwa mikono yao wenyewe na kupanda miti, wakikutana siku maalumu za kazi, mpaka mwaka 1996 serikali ya Marekani ikalitambua kwa sheria kuwa kumbukumbu ya taifa. Wapo marafiki zake aliowaombolezea pale. Ndugu Katibu, kama mnataka kujua ni maadhimisho ya namna gani yanayokaa ndani ya watu, mimi ningewaambia mtazame lile bonde kabla ya kulitazama gurudumu.

BintiUjiji alijibu:

Kaka Katibu, ninakusalimu kutoka Kigoma. Nimekulia Ujiji, si mbali na kumbukumbu ya Livingstone, na hilo la mnara wa marumaru limenifanya nishindwe kunyamaza.

Kila mtoto wa Ujiji anajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa kwetu, na inasimuliwa kuwa ilikuwa chini ya mwembe. Mwembe ule ulikufa zamani, pakajengwa mnara wa mawe, na miembe iliyopo sasa inasemekana ni uzao wake. Wageni huja, husimama mbele ya mnara, hupiga picha, huondoka. Majina wanayoondoka nayo ni mawili. Mimi ni Mmanyema. Watu wangu walivushwa ziwa kutoka upande wa Kongo, na bibi yangu alikuwa akisema kwamba mama wa bibi yake hakuvuka kwa hiari yake. Njia iliyoanzia hapa ikapita kwenu Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja, ilipitiwa na pembe za ndovu na ilipitiwa na watu waliofungwa, na miembe ilipandwa kando ya njia hiyo na katika vituo vyake. Kivuli chake kilimpumzisha mfanyabiashara, kikampumzisha mpagazi wa Kinyamwezi, kikampumzisha pia aliyekuwa na kongwa shingoni. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya kuombewa urithi wa dunia, na Kwihara iliyo jirani na Tabora mjini ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa pamoja na Ujiji yetu.

Sasa sikiliza lililotokea katika bustani hiyohiyo unayoiulizia. Mwezi Juni 2020, katika mwaka uleule wa maadhimisho, waandamanaji waliangusha sanamu kadhaa, na moja yao ilikuwa ya Francis Scott Key, mtunzi wa maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani, ambaye alimiliki watumwa. Kiti cha sanamu hiyo kikabaki kitupu. Mwaka uliofuata msanii Dana King akakizungushia sanamu 350 nyeusi, ndefu kidogo kuliko kimo cha mtoto, kila moja ikisimama badala ya mmoja wa Waafrika waliochukuliwa kutoka Angola na kuvushwa bahari ya Atlantiki, ambao baadhi yao walifikishwa Virginia mwaka 1619. Nilipoona picha zake nilitetemeka, maana zilikuwa zimekizunguka kile kiti kitupu kama watu wanaosubiri kusikilizwa.

Ombi langu ni kwamba siku yenu isiwe siku ya kusema miembe ni mizuri, basi. Wapeni wazee wa mtaa nafasi ya kusimulia nani alipita chini yake, na koo gani zilifikaje Tabora, kwa wale walio radhi kusimulia. Chuma na Susi, wasaidizi wa Livingstone, walipoubeba mwili wake mwaka 1873 walipita hapo kwenu Unyanyembe wakielekea pwani, na bado kuna watoto wa darasa la saba hapo Tabora wanaomjua Livingstone bila kuwajua waliombeba.

MzeeWaKitalu alijibu:

Wanangu, mimi nilikuwa bwana miti kwa miaka thelathini na mmoja, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa hapahapa Unyamwezi, kwa hiyo nitasema juu ya miti tu.

Msipande mche hata mmoja siku ya sherehe kama sherehe itaangukia kiangazi. Mwaka mmoja tuliagizwa kuchimba mashimo mia mbili kwa ajili ya mgeni wa heshima, na ilikuwa mwezi Agosti, ardhi ngumu kama tofali lililochomwa. Tulieleza, hatukusikilizwa. Mgeni alipanda mche wake, akaumwagilia kwa chupa ya maji ya kunywa, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Mvua zilipoanza mwezi Novemba nilihesabu miche iliyo hai, nikapata kumi na mmoja, na sita kati ya hiyo ilikuwa karibu na bomba la shule. Mpaka leo nikipita pale ninageuza uso.

Watu wa San Francisco walijifunza hilo kwa mchanga. Hall alipoanza alijaribu kuushika mchanga kwa kupanda lupini, mmea wa jamii ya kunde, lakini ilikua polepole mno na upepo ukaifukia. Inasimuliwa kwamba farasi wa wapimaji alimwaga shayiri iliyolowekwa kwa ajili ya chakula chake, na baada ya siku chache shayiri ikawa imechipua kwenye mchanga. Ndipo walipochanganya: shayiri ikatangulia kuota na kushika mchanga, lupini ikafuata nyuma yake, kisha ikaja miti, mikalatusi ambayo sisi tunaijua vizuri, misonobari na miseprasi, na ilipofika mwaka 1879 ilikwisha kupandwa miti 155,000. Msimamizi aliyekuja baadaye, John McLaren, aliitunza bustani ile kwa zaidi ya miaka hamsini mpaka alipofariki mwaka 1943, na alikuwa hazipendi sanamu, akizipandia vichaka mbele ili zifichike. Mtu huyo ningependa kukaa naye.

Kwa miembe yenu, fanyeni hivi. Maembe yatakapoiva mwishoni mwa mwaka, chagueni matunda ya ile miti yenye afya, mtoe kokwa na kuziotesha kitaluni ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu mbegu ya mwembe haihifadhiki kama mahindi, ikikauka imekufa. Miche itakayotoka itahamishiwa kiwanjani masika yanayofuata, mvua ikishalowesha ardhi hadi chini. Mkitaka kupata mti wenye tunda lilelile la mti wa babu, mbegu peke yake haitoi hakikisho, itabidi mbebeshe: mchukue kikonyo kutoka mti wa zamani na kukiunga kwenye mche, na kijana yeyote mwenye mkono mtulivu hujifunza kazi hiyo kwa siku mbili. Mkiweka matandazo, yasiguse shina, maana mchwa wa Tabora hawahitaji kualikwa. Na uzio wa miiba uwe umekamilika kabla mche haujafika, kwa kuwa mbuzi haangalii cheti cha maadhimisho.

MwanaUnyanyembe aliandika:

Shikamoo Mzee wa Kitalu, na ninawashukuru nyote. Nilichapisha majibu yenu nikayasoma mbele ya kamati jana jioni, na tulipofika kwenye habari ya bikoni mwenyekiti akaniambia nisiendelee kusoma, kesho yake twende tukaangalie mchoro.

Leo asubuhi tumekwenda watu wanne, wawili wakiwa wazee. Mchoro tulioonyeshwa unakitambua kiwanja chetu kuwa eneo la wazi, lakini nusu yake tu, ile ya kusini. Nusu ya kaskazini, yenye miembe saba pamoja na ule mkubwa wa njia ya kisimani, imegawanywa viwanja vinne vya makazi. Hatujui kama vimekwisha kugawiwa. Ninaandika haya mikono ikiwa haijatulia. Tufanye nini kwanza?

MsomaRamani alijibu:

Kwanza ulizeni kwa barua, si kwa mdomo, kama kuna mtu aliyekwisha kumilikishwa viwanja hivyo vinne, kwa kuwa njia ya kufuata inategemea jibu hilo. Kama havijagawiwa, itisheni mkutano mkuu wa mtaa, azimio la kuomba mchoro urekebishwe liandikwe kwenye muhtasari, mahudhurio yasainiwe na kila mtu kwa jina lake, kisha muhtasari upelekwe kupitia kwa mtendaji na diwani. Ambatisheni orodha ya miembe: kila mti na mahali ulipo, mzunguko wa shina lake, na picha. Kama vimegawiwa, tafuteni wakili kabla mtu hajaleta mchanga na matofali. Fedha za mnara zitumieni hapo.

MwanaUnyanyembe aliandika:

Barua imeandikwa na nakala yetu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Mkutano mkuu utakuwa Jumamosi saa kumi jioni, palepale kiwanjani, upande wa kaskazini. Waliotaka mnara wamekubali fedha zihamishwe, na waliotaka muziki wameomba ngoma ya wazee baada ya kusaini. Dada wa Ujiji, bibi mmoja wa mtaani kwetu, naye Mmanyema, amekubali kusimulia, kwa sharti kwamba wajukuu zake wakae mbele.

Orodha tumeianza. Tulikwenda na kamba ya katani yenye mafundo kila nusu mita, mwenyekiti akishika ncha moja, mzee wa mtaa akishika nyingine, nami nikiandika. Nilitaka tuanzie barabarani kwa utaratibu, namba moja hadi kumi na tisa. Mzee alikataa, akaivuta kamba mpaka kwenye mwembe wa njia ya kisimani, akasema namba moja ni huu.